Ugonjwa wa Kutetemeka na Watu Waliokutana Kuutafuta

Leo ni somo la historia, lakini hatutataja wafalme wala vita. Tutazungumza juu ya ugonjwa mmoja, na juu ya watu wa nchi mbalimbali ambao kila mmoja wao alikuwa na kipande kimoja tu cha habari zake.

Kabla ya kuanza, namwomba mwalimu aandike maneno matatu ubaoni. La kwanza ni Parkinson, nalo ni jina la mtu. La pili ni dopamini. La tatu ni levodopa. Yaandikeni katika madaftari yenu. Msihangaike na maana zake sasa hivi, zitakuja zenyewe.

Labda umepata kumwona mzee wa namna hii. Amekaa barazani, na mkono wake mmoja unatetemeka ingawa haufanyi kazi yoyote. Akiunyosha kushika kikombe, kutetemeka kunapungua. Akisimama, huinama mbele, na akitembea huenda kwa hatua fupi fupi za haraka, kama mtu anayejikimbilia asianguke. Kufunga vifungo vya shati humchukua muda mrefu. Sauti yake imekuwa ndogo, na maandishi yake pia yamekuwa madogo. Uso wake hauchangamki, basi watu hudhani amekasirika, au akili zake zimepotea. Mara nyingi sivyo. Anawasikia na kuwaelewa wote wanaomsema mbele yake.

Mzee huyu ana ugonjwa gani? Mtu wa kwanza kuueleza vizuri katika kitabu alikuwa daktari wa Kiingereza, James Parkinson, aliyezaliwa mwaka 1755 katika mtaa wa Hoxton, London. Alikuwa daktari wa watu wa kawaida, akiwatibu majirani zake. Mwaka 1817 alichapisha kijitabu kidogo juu ya ugonjwa aliouita kupooza kwa kutetemeka. Je, alikuwa amewachunguza wagonjwa mia? La. Walikuwa sita tu. Tena, si wote waliofika kwake kutibiwa. Wengine aliwakuta njiani akazungumza nao, na mmoja alimwona kwa mbali tu.

Parkinson hakuwa na haya kukiri upungufu wake. Mwanzoni mwa kijitabu aliandika kwamba hakupata nafasi ya kuchunguza miili ya wagonjwa hao baada ya kufa, akatumaini kwamba wale wenye uwezo huo wataendelea na kazi. Kwa maneno mengine, alikuwa akiwaita wenzake. Lakini alikufa mwaka 1824, na walioitika walikuwa wachache sana.

Aliyeitika kwa nguvu alikuwa Mfaransa, Jean-Martin Charcot, mganga mkuu katika hospitali ya Salpêtrière, Paris. Hospitali hiyo ilikuwa na maelfu ya wanawake wagonjwa na wazee, na Charcot alikuwa akifundisha hadharani mbele ya madaktari waliotoka nchi nyingi. Aliwaonyesha wanafunzi wake kwamba wagonjwa hawa hawakupooza hasa. Nguvu wanazo, ila mwili unachelewa kutii. Tena wako wasiotetemeka kabisa. Kwa hiyo, katika miaka ya 1870, alisema jina la zamani halifai, na ugonjwa uitwe kwa jina la Parkinson. Mimi huona hilo ni tendo la heshima, kwa kuwa angeweza kuupa jina lake mwenyewe.

Miaka ikapita. Mwaka 1912 Frederic Lewy, aliyekuwa Ujerumani, aliona ndani ya chembe za ubongo wa wagonjwa vidonge vidogo sana visivyopaswa kuwapo. Mwaka 1919 Konstantin Tretiakoff, Mrusi aliyekuwa akisoma Paris, alionyesha kwamba mahali padogo penye rangi nyeusi, chini ya ubongo, pameharibika. Lakini kwa nini paharibike, na mgonjwa asaidiweje, hakuna aliyejua.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye kiini cha somo la leo.

Mwaka 1957, huko Lund katika nchi ya Sweden, mtaalamu Arvid Carlsson alichukua sungura akawapa dawa iitwayo reserpini. Dawa hiyo asili yake ni mizizi ya mmea wa Bara Hindi, nayo ilikuwa ikitumiwa kwa wagonjwa wa akili na wa shinikizo la damu. Sungura wakatulia tuli. Masikio yakalala, wakashindwa kusogea. Kisha Carlsson akawapiga sindano ya dopa. Baada ya muda mfupi masikio yakasimama, sungura wakaanza kutembea tena kama kwamba hapakuwa na neno.

Ili tuelewe jambo hilo, yatupasa kujua ubongo unavyofanya kazi. Ubongo una chembe nyingi sana, na chembe moja haishikani na ya pili. Kati yao kuna nafasi ndogo. Ili kupeleka habari, chembe hutoa kemikali, na kemikali hiyo huvuka ile nafasi kama tarishi aliyebeba barua. Dopamini ni tarishi mmoja katika hao. Nayo dopa ni kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa dopamini.

Zamani wataalamu wengi walidhani dopamini haina kazi yake yenyewe. Walisema ni hatua tu ya njiani mwili unapotengeneza kemikali nyingine, kama unga ambao bado haujawa ugali. Carlsson na wenzake wakaonyesha mwaka 1958 kwamba dopamini imo katika ubongo, na kwamba reserpini huimaliza. Mwaka 1959 wanafunzi wake wawili, Bertler na Rosengren, wakagundua kwamba sehemu kubwa ya dopamini imo mahali pale ubongo unapoongozea mwendo wa mwili. Carlsson akasema: basi, hapa ndipo penye siri ya ugonjwa wa Parkinson.

Mwezi wa Machi mwaka 1960 wataalamu wakubwa wa mambo hayo walikutana London, katika mkutano uliotayarishwa na Ciba Foundation. Miongoni mwao alikuwamo Sir Henry Dale, mzee wa miaka 84. Msimsahau mzee huyu. Mwaka 1936 yeye na Otto Loewi walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba mishipa ya fahamu hupelekeana habari kwa kemikali. Kama kulikuwa na mtu duniani ambaye angefurahia habari za tarishi mpya, ni yeye.

Hakufurahi. Carlsson alipokwisha kusema, wakubwa walishuku. Dale mwenyewe aliona kwamba dopa ni kama sumu kwa wanyama wale, akastaajabu kwa nini iwe hivyo. Mwingine, John Gaddum, alipokuwa akifunga mazungumzo, alisema hakuna aliyethubutu kueleza namna kemikali hizo zinavyohusika na kazi ya ubongo. Na Carlsson alikuwa ameketi pale pale, naye alikuwa ametoka kueleza jambo hilo hilo! Alirudi nyumbani moyo umemvunjika.

Je, tuseme mkutano ule ulikuwa wa bure? Nadhani la. Maneno yote yaliyosemwa, pamoja na shaka zote, yalichapishwa katika kitabu mwaka ule ule. Mtu mwenye shaka akiisema waziwazi, na ikaandikwa, mwingine anaweza kwenda kuipima. Na wakati wakubwa walipokuwa wakishuku London, kuna mtu Vienna, mji mkuu wa Austria, aliyekuwa amekwisha kuanza kupima.

Jina lake Oleh Hornykiewicz. Alizaliwa mwaka 1926 karibu na mji wa Lviv, ambao siku hizi uko Ukraine. Alikuwa amefanya kazi Oxford, Uingereza, kwa Hermann Blaschko, mtaalamu aliyekimbia Ujerumani kwa sababu ya Wanazi. Blaschko ndiye aliyemwambia ashughulike na dopamini, kwa kuwa aliamini ina kazi yake yenyewe. Angalieni kamba hii inavyosokotwa: mkimbizi wa Kijerumani anamfundisha kijana wa Vienna mjini Oxford, na kijana anarudi kwao akasoma habari iliyotoka Sweden.

Hornykiewicz na kijana mwenzake, Herbert Ehringer, hawakutumia sungura. Walipata bongo za watu waliokufa, zikiwamo sita za watu waliokuwa na ugonjwa wa Parkinson. Walitia dawa maalumu katika maji yaliyotokana na bongo hizo. Palipokuwa na dopamini, maji yaligeuka rangi ya waridi. Katika maji ya watu waliokufa kwa sababu nyingine, rangi ilitokea. Katika yale ya wagonjwa wa Parkinson, haikuonekana ila kidogo sana. Hawakuhitaji chombo chochote kutambua hivyo. Walitazama kwa macho yao tu. Habari hiyo ilichapishwa mwishoni mwa mwaka 1960, miezi michache baada ya mkutano wa London.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Julai 1961, Walther Birkmayer, daktari wa nyumba ya wazee ya Lainz, Vienna, aliwapiga wagonjwa wake sindano ya levodopa iliyotoka kwa Hornykiewicz. Kwa nini wasiwape dopamini yenyewe? Kwa sababu dopamini haiwezi kutoka katika damu ikaingia katika ubongo. Levodopa inaingia, na ikiisha kuingia, inageuzwa. Wagonjwa ambao hawakuweza hata kuketi waliketi. Waliokuwa hawawezi kusimama walisimama, wakatembea, na sauti zao zikasikika. Baada ya saa chache nguvu ile ikaondoka. Karibu wakati ule ule, huko Montreal, Kanada, André Barbeau na Theodore Sourkes nao walikuwa wakiwapa wagonjwa levodopa ya kumeza.

Mngedhani tangu siku hiyo mambo yalikuwa rahisi. Hayakuwa. Madaktari wengine walijaribu kwa kiasi kidogo, hawakuona kitu, wakasema habari za Vienna ni ndoto. Mabishano yakaendelea miaka sita. Mwaka 1967 George Cotzias, mzaliwa wa kisiwa cha Crete aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Brookhaven, New York, alionyesha siri ilikuwa wapi. Mgonjwa aanze na kidogo, aongezewe polepole kwa majuma mengi, mpaka afikie kiasi kikubwa. Hapo wagonjwa walisimama, na safari hii wakaendelea kusimama. Mwaka 1970 serikali ya Marekani iliruhusu levodopa iuzwe kama dawa. Mwaka 2000 Carlsson alipewa Tuzo ya Nobel. Hornykiewicz hakutajwa katika tuzo hiyo, na wataalamu zaidi ya mia mbili waliandika barua ya kulalamika.

Niseme neno moja juu ya upupu, maana najua wengi wenu mnaujua, na kama mlisoma shule na watoto watundu, mnaujua kwa ngozi yenu. Mbegu za upupu zina levodopa. Wataalamu wa Kihindi waliitoa katika mbegu hizo mwaka 1937. Lakini nawasihi, msiende porini kuchuma dawa. Kiasi kilichomo katika mbegu hubadilika-badilika, na levodopa ikizidi humdhuru mtu. Dawa ya hospitali imechanganywa na kitu cha pili, kinachoizuia isigeuzwe kabla ya kufika ubongoni, na kwa hiyo kichefuchefu hupungua. Tena levodopa haiponyi. Inarudisha mwendo tu. Baada ya miaka kadhaa wagonjwa wengi huanza kujinyonganyonga bila kutaka, au dawa huisha nguvu kabla ya saa ya dozi ya pili.

Kwa hiyo swali la zamani lilibaki: ni nini kinachoua zile chembe?

Jibu moja lilitoka katika mji mdogo wa Italia uitwao Contursi. Roger Duvoisin na Lawrence Golbe, madaktari wa New Jersey, Marekani, walikuwa na wagonjwa ambao asili ya jamaa zao ilikuwa mji huo mmoja. Walishirikiana na madaktari wa Italia, wakafuata nasaba kama vile wazee wetu wanavyofuata ukoo, baba kwa babu, mpaka wakapata watu wapatao 60 wenye ugonjwa huu katika ukoo mmoja. Wakati huo wataalamu wengi waliamini kwamba ugonjwa wa Parkinson haurithiwi. Mwezi wa Agosti 1995 taasisi za afya za serikali ya Marekani ziliitisha mkutano wa kupanga utafiti wa ugonjwa huu, na habari za ukoo wa Contursi zikazungumzwa hapo. Waliokuwa na damu ya ukoo ule wakakutana na waliokuwa na vyombo vya kusoma jeni, yaani maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya kila chembe ya mwili. Mwaka 1997 Mihael Polymeropoulos na wenzake walitangaza kwamba kosa liko katika jeni inayotengeneza protini iitwayo alfa-sinukleini.

Ukoo mmoja wa Italia unawahusu nini wagonjwa wengine duniani, ambao hawana kosa hilo? Mwaka ule ule wa 1997, watu wa Cambridge na wa Philadelphia walichunguza pamoja vile vidonge alivyoviona Lewy mwaka 1912. Vilikuwa vimejaa protini hiyo hiyo. Na bongo hizo zilikuwa za wagonjwa wa kawaida, si za watu wa Contursi.

Mpaka hapo, mmeona, wagonjwa wenyewe hawajapewa kiti. Walitajwa, walipimwa, damu yao ilichukuliwa, lakini mikutano ilikuwa ya madaktari. Mwezi wa Februari 2006 ulifanyika Washington mkutano wa kwanza wa dunia juu ya ugonjwa wa Parkinson ambao wagonjwa na wale wanaowatunza walialikwa kuketi pamoja na wataalamu. Walifika watu zaidi ya 3,000. Baadaye mikutano hiyo ilifanyika Glasgow, Montreal, Portland, Kyoto mwaka 2019, na Barcelona mwaka 2023. Daktari anapozungumzia kuganda kwa miguu, mtu aliye mbele yake anaweza kuwa ameganda mlangoni asubuhi ile ile, naye ana la kusema.

Na kwetu? Twendeni Wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro. Wataalamu wa Tanzania na wa Uingereza walipanga utafiti wa nyumba kwa nyumba katika wilaya yenye watu 161,071. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 2008. Waliwakuta wagonjwa 33. Wengi wao hawakuwa wamepata kuambiwa jina la ugonjwa wao, wala kupewa dawa. Fikirini: levodopa ilikuwa imeruhusiwa tangu mwaka 1970. Baadaye watafiti walikaa na wagonjwa, jamaa zao na waganga wa kienyeji, wakauliza wanauonaje ugonjwa huu. Wengine walisema ni uzee tu. Wengine walisema ni uchawi. Na jina wanaloliita? Ugonjwa wa kutetemeka. Bila kusoma kijitabu cha Parkinson, walikuwa wameupa karibu jina lile lile alilolichagua yeye London mwaka 1817.

Jambo la mwisho lilitoka Nigeria. Kwa miaka mingi, uchunguzi wa jeni za ugonjwa huu ulifanywa zaidi kwa watu wa asili ya Ulaya. Mwaka 2023 kundi la wataalamu wa Nigeria, Uingereza na Marekani, akiwamo Profesa Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos, walitoa habari za uchunguzi wa watu wa asili ya Afrika. Walikuta badiliko katika jeni iitwayo GBA1 ambalo huongeza hatari ya kupata ugonjwa. Jeni hiyo ilikuwa inajulikana zamani, lakini badiliko hili karibu halipo kabisa kwa Wazungu. Kwa hiyo hata kama London, Paris na New York wangekutana kila mwaka peke yao, wasingeliona. Lilikuwa limengoja watu wa Lagos waje mezani.

Kazi ya darasa ni hii. Gawanyikeni makundi mawili. Kundi moja liwe upande wa Sir Henry Dale katika chumba kile cha London mwaka 1960, kundi la pili liwe upande wa Carlsson. Kumbukeni kwamba siku ile Dale hakuwa na habari za Vienna, wala ninyi msizitumie. Kisha kila mmoja aandike barua ya mistari kumi kwa ndugu yake aliye mbali, akimweleza juu ya mzee wa barazani ambaye vifungo vya shati vinamshinda, na kwamba ampeleke hospitali. Mwalimu atazisoma. Kwaherini.